Ukaguzi wa Kiotomatiki wa Ujumbe wa Komiti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wasanidi programu huyarudia kila timu inapoamua kwamba ujumbe wa komiti ufuate muundo mmoja na kwamba kompyuta ndiyo isimamie utaratibu huo. Majibu yanahusu Git, mfumo wa kuhifadhi historia ya mabadiliko ya msimbo. Pale jibu linapotegemea jingine, msomaji ataelekezwa kwenye swali husika.

## Misingi

Ujumbe wa komiti ni nini, na kwa nini muundo wake una umuhimu?

Komiti ni rekodi moja ya mabadiliko yaliyoingizwa katika hazina ya msimbo, na ujumbe wake ni maandishi ambayo mwandishi wa mabadiliko huyaambatisha ili kueleza alichofanya na sababu ya kukifanya. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, haichagui maandishi hayo: ilimradi ujumbe si mtupu, itaupokea, hata ukiwa neno moja tu kama "marekebisho". Siku ya kwanza uhuru huo haumdhuru mtu. Hasara huja miezi kadhaa baadaye, pale mtu anapotumia `git blame` kutafuta mstari fulani ulitoka wapi, au `git bisect` kuisaka komiti iliyoleta hitilafu, kisha akaifikia komiti yenyewe na kukuta haimwambii lolote.

Git yenyewe inategemea umbo la ujumbe kuliko wengi wanavyodhani. Aya ya kwanza huchukuliwa kuwa kichwa, na kila kinachofuata mstari mtupu huchukuliwa kuwa maelezo. Mwandishi akisahau kuacha mstari mtupu, `git log --oneline` huunganisha kichwa na maelezo kuwa mstari mmoja mrefu usiosomeka.

Ukaguzi wa kiotomatiki unakagua nini hasa?

Unakagua umbo. Unaweza kujua kama mstari wa kwanza unaanza na aina ya mabadiliko inayotambulika, kama haujapita urefu uliowekwa, kama kuna mstari mtupu kabla ya maelezo, na kama namba ya tatizo linaloshughulikiwa imetajwa. Hauwezi kujua kama maelezo ni ya kweli. Ujumbe usemao `fix(malipo): rekebisha kodi` utapita hata kama mabadiliko yenyewe yamegusa ukurasa wa kuingia tu.

Mpaka huu unastahili kueleweka na kila mtu katika timu kabla ya kuandika hata kanuni moja, kwa sababu timu zinazoutarajia ukaguzi ulinde maana huongeza kanuni juu ya kanuni, na kila kanuni mpya huwachosha waandishi bila kuuboresha ujumbe. Umbo likaguliwe na mashine. Maana ibaki kwa mwenzako anayepitia msimbo, ambaye sasa amepunguziwa kazi ya kulalamikia herufi kubwa na nukta.

Tutumie muundo upi?

Muundo unaotumika sana na unaoungwa mkono na zana nyingi ni ule wa Conventional Commits, toleo 1.0.0. Mstari wa kwanza huanza na aina, kisha eneo la msimbo ndani ya mabano likihitajika, kisha nukta pacha, nafasi, na maelezo mafupi:

```
fix(malipo): zuia kutoza mara mbili ombi linaporudiwa
```

Muundo huu hufungamana na utaratibu wa namba za matoleo wa Semantic Versioning: `fix` (kurekebisha hitilafu) huongeza namba ya tatu, `feat` (kuongeza kipengele kipya) huongeza ya pili, na badiliko linalovunja matumizi ya awali huongeza ya kwanza. Badiliko la namna hiyo huonyeshwa kwa alama ya mshangao kabla ya nukta pacha, au kwa mstari wa mwisho unaoanza na `BREAKING CHANGE:` kwa herufi kubwa.

Si muundo pekee. Mradi wa kiini cha Linux hutanguliza jina la sehemu ya mfumo bila kutaja aina, hudai mstari wa `Signed-off-by`, na hutumia mstari wa `Fixes:` wenye angalau herufi 12 za mwanzo za alama ya utambulisho ya komiti iliyoleta hitilafu. Kama matoleo yako hayatengenezwi na mashine kutokana na ujumbe wa komiti, muundo kama huo unaweza kukufaa zaidi, kwa kuwa msomaji wa historia mara nyingi hutaka kujua mabadiliko yamegusa wapi kabla ya kujua ni ya aina gani.

## Kuweka ukaguzi

Git inaukaguaje ujumbe kabla ya kuupokea?

Ndani ya folda `.git/hooks` Git hutafuta skripti zenye majina maalumu na kuziendesha matukio fulani yanapotokea. Inayohusika hapa inaitwa `commit-msg`. Git huiita mwandishi akishamaliza kuandika ujumbe, na kuipa kitu kimoja tu: njia ya faili lenye ujumbe huo. Skripti ikimaliza kwa namba 0, komiti inaendelea. Ikimaliza kwa namba nyingine yoyote, komiti inasitishwa. Skripti fupi kama hii inatosha kuanzia:

```
#!/bin/sh
kichwa=$(grep -Ev '^(#|[[:space:]]*$)' "$1" | head -n 1)
ruwaza='^(feat|fix|docs|refactor|test|chore)(\([a-z0-9-]+\))?!?: .+'

case "$kichwa" in
  ""|"Merge "*|"Revert "*|"fixup! "*|"squash! "*) exit 0 ;;
esac

if ! printf '%s\n' "$kichwa" | grep -Eq "$ruwaza"; then
  echo "Mstari wa kwanza haufuati muundo: aina(eneo): maelezo" >&2
  echo "Mfano: fix(malipo): zuia kutoza mara mbili" >&2
  exit 1
fi
```

Mstari wa `case` unaruhusu ujumbe mtupu kwa makusudi. Mwandishi anayefuta maandishi yote huwa ameamua kuacha, na Git yenyewe itasitisha komiti bila skripti kumkaripia kwa kosa ambalo hakulifanya. Sababu za kuruhusu aina nyingine nne zimeelezwa katika swali kuhusu komiti za kuunganisha matawi.

Kwa nini skripti yangu inafanya kazi kwangu lakini haiwafikii wenzangu?

Kwa sababu folda `.git/hooks` si sehemu ya historia ya mradi, na mtu anapoinakili hazina hanakili skripti zako. Hiyo ni tahadhari ya kiusalama inayostahili kuheshimiwa: hakuna anayependa hazina aliyoinakili sasa hivi iendeshe programu kwenye kompyuta yake bila idhini.

Njia rahisi ni kuweka skripti katika folda ya kawaida ndani ya mradi, kwa mfano `.githooks`, kisha kila msanidi aendeshe mara moja `git config core.hooksPath .githooks`. Mpangilio huo umekuwapo tangu Git 2.9. Miradi ya JavaScript hutumia Husky, ambayo hufanya kazi hiyo wakati wa kusakinisha vifurushi. Wanaotumia zana iitwayo pre-commit wakumbuke kwamba amri ya kawaida ya usakinishaji huweka skripti ya `pre-commit` peke yake. Ili ujumbe ukaguliwe, waongeze `--hook-type commit-msg`. Watu wengi hukwama hapo, wakiamini ukaguzi upo ilhali haujawahi kuitwa hata mara moja.

Tuandike skripti wenyewe au tutumie zana iliyokwisha kutengenezwa?

Kama kanuni zenu hazizidi tatu, skripti ya mistari kumi na tano ni bora: haihitaji kusakinisha kitu, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Zana kamili huwa na thamani mnapotaka kuchambua sehemu zote za ujumbe, kubadilisha uzito wa kila kanuni, au kukagua komiti nyingi kwa pamoja.

Katika mazingira ya Node zana inayojulikana zaidi ni commitlint. Kila kanuni yake hupewa kiwango: 0 kuizima, 1 kuonya, na 2 kukataa. Kwa wanaotumia Python kuna gitlint. Commitizen huja kwa njia tofauti, ikimuuliza mwandishi maswali na kumjengea ujumbe kutokana na majibu; inawasaidia wageni, ila waliokwisha kuuzoea muundo huiona inawachelewesha, kwa hiyo usiilazimishe kwa wote.

Mtu akiruka ukaguzi kwa `--no-verify`, je?

Ataruka, na hakuna namna ya kumzuia kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ukaguzi wa upande wa msanidi ni msaada wa kumjulisha kosa mapema, akiwa bado anayakumbuka mabadiliko yake. Ukaguzi wenye mamlaka hukaa upande wa seva au katika mfumo wa ukaguzi unaoendeshwa kila ombi la kuunganisha (pull request) linapofunguliwa. Ukitakiwa kuchagua mahali pamoja tu, chagua huko.

Anayesimamia seva yake mwenyewe anaweza kutumia skripti ya `pre-receive`, ambayo hupokea kwa kila tawi linalosukumwa mstari wenye alama ya zamani, alama mpya na jina la tawi. Tawi likiwa jipya, alama ya zamani huwa sifuri tupu. Tawi likifutwa, alama mpya ndiyo huwa sifuri. Skripti isiyozingatia hali hizi mbili itakwama siku ya kwanza mtu atakapofungua tawi. Wanaotumia seva za wengine wakague ndani ya mfumo wa ukaguzi, kwa mfano:

```
npx commitlint --from origin/main --to HEAD
```

## Kanuni zenyewe

Mstari wa kwanza uwe na urefu gani?

Desturi ya muda mrefu ni takriban herufi 50 kwa kichwa na 72 kwa kila mstari wa maelezo. Namba 72 ina sababu: `git log` husogeza ujumbe nafasi nne kuelekea kulia, na terminali ya kawaida ilikuwa na upana wa herufi 80, kwa hiyo 72 huacha nafasi nne kila upande.

Kwa muundo wenye aina na eneo, 50 ni finyu mno. Kichwa `refactor(usajili): ` pekee kimekwisha kula herufi 19. Ndiyo maana mpangilio wa kawaida wa commitlint kwa Conventional Commits huruhusu hadi 100. Ushauri wetu ni kukataa kinachozidi 72 na kutokataa kinachozidi 50, kwa sababu mwandishi anayebanwa kupita kiasi huishia kufupisha maneno hadi yasieleweke, na hapo kanuni imeharibu kile ilichowekwa kukilinda.

Orodha ya aina iwe ndefu kiasi gani?

Fupi. Orodha ya commitlint ina aina kumi na moja, na timu nyingi hubishana zaidi kuhusu tofauti ya `chore`, `build` na `ci` kuliko kuhusu msimbo. Anzeni na tano au sita, na mwongeze nyingine pale tu mtakapoona kwamba kuna chombo au msomaji atakayeitumia tofauti hiyo. Hali ni hiyo hiyo kwa majina ya maeneo, ila hapo orodha iliyofungwa ina faida ya ziada: bila hiyo, eneo moja litaandikwa `malipo`, `lipo` na `mfumo-wa-malipo` ndani ya mwezi mmoja.

Tunaweza kuandika ujumbe kwa Kiswahili?

Ndiyo. Ruwaza inayokagua mstari wa kwanza haijali lugha ya maelezo. Maneno ya aina kama `feat` na `fix` ni afadhali yabaki yalivyo, kwa sababu zana za kutengeneza matoleo huyatafuta hayo hayo. Yachukulieni kama alama. Mkiamua kuyatafsiri, mtalazimika kubadilisha mipangilio ya kila chombo katika mnyororo.

Kuna jambo moja la kuamua mapema. Desturi ya Kiingereza ni kuandika kichwa kama amri, na Kiswahili kina umbo hilo hilo jepesi: "ongeza", "zuia", "ondoa". Bila makubaliano, historia itachanganya "nimeongeza", "imeongezwa", "kuongeza" na "ongeza". Umbo la amri ni fupi na halibebi kiambishi cha nafsi wala cha wakati, kwa hiyo tunalipendelea. Hata hivyo, kanuni za zana zinazochunguza hali ya amri zimetengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Zizimeni, la sivyo zitatoa lawama zisizo na maana.

Taarifa ya kosa iandikweje?

Itaje kilichokosewa, ioneshe muundo unaotakiwa, na itoe mfano mmoja sahihi kutoka mradi wenyewe. Taarifa inayosema tu kwamba ujumbe haulingani na ruwaza, kisha ikachapisha ruwaza yenyewe, humwacha mgeni akiwa hajui aanzie wapi. Sehemu hii ndogo huamua kama watu watauheshimu ukaguzi au watajifunza `--no-verify` siku hiyo hiyo.

## Ukaguzi unapokataa

Nimeandika ujumbe mrefu na umekataliwa. Umepotea?

Haujapotea. Git huuacha katika faili `.git/COMMIT_EDITMSG`. Ufungue tena kwa amri ifuatayo, urekebishe, na uhifadhi:

```
git commit -eF .git/COMMIT_EDITMSG
```

Usianze kwanza komiti nyingine, kwa maana faili hilo huandikwa upya kila mara.

Ujumbe wenye kosa uko katikati ya tawi langu. Nifanyeje?

Ukiwa wa komiti ya mwisho, `git commit --amend` inatosha. Ukiwa nyuma zaidi, endesha `git rebase -i`, weka `reword` mbele ya komiti husika, kisha andika ujumbe upya. Alama ya komiti hiyo na za zote zinazoifuata zitabadilika, kwa hiyo kama tawi lilikwisha kusukumwa utahitaji kulisukuma kwa nguvu. Tumia `--force-with-lease`, ambayo hukataa endapo mwenzako ameshaongeza kazi ambayo hujaichukua.

Na kama umekwisha kuingia tawi kuu?

Uache. Kuandika upya historia ya tawi linalotumiwa na wote kwa ajili ya muundo wa maandishi ni hasara kubwa kuliko kosa lenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, msikague historia iliyotangulia kanuni. Kagueni komiti mpya tu, kama mfano wa `--from` na `--to` ulivyoonyesha.

## Hali za pembeni

Kwa nini komiti za kuunganisha matawi na za kutengua mabadiliko zinakataliwa?

Kwa sababu ujumbe wake huandikwa na Git yenyewe. Uunganishaji huanza na neno "Merge", na `git revert` huandika "Revert" likifuatiwa na kichwa cha zamani ndani ya alama za kunukuu. Skripti ya `commit-msg` huitwa pia na `git merge`, kwa hiyo isipowekewa ruhusa itazuia kazi halali. Komiti za `fixup!` na `squash!` ni za muda, zikisubiri kumezwa na `git rebase --autosquash`. Ziruhusiwe kwenye kompyuta ya msanidi, ila mfumo wa ukaguzi unaweza kuzikataa zisifike tawi kuu. Commitlint huziruka zote kwa chaguo-msingi.

Sisi hubana komiti zote kuwa moja wakati wa kuunganisha. Tukague nini?

Kagueni kichwa cha ombi la kuunganisha, iwapo ndicho kitakachokuwa mstari wa kwanza wa komiti itakayobaki. Kukagua kila komiti ya tawi litakalobanwa ni kumsumbua mwandishi bure. Kwenye GitHub kuna mtego hapa: kwa kawaida ukaguzi wa ombi huendeshwa ombi linapofunguliwa, linapofunguliwa tena, au linapopata komiti mpya, na si kichwa chake kinapohaririwa. Ongezeni tukio la `edited` kwenye orodha, ama sivyo mtu atarekebisha kichwa na alama nyekundu itabaki palepale, au atakiharibu baada ya ukaguzi kupita.

Ukaguzi unapita kwangu lakini kwenye seva unalalamika kwamba haioni komiti ya kuanzia. Kwa nini?

Mifumo mingi ya ukaguzi hunakili sehemu ndogo tu ya historia ili kuokoa muda. Hatua ya `actions/checkout` ya GitHub, kwa mfano, huchukua komiti moja tu isipoelekezwa vingine. Wekeni `fetch-depth: 0` ili historia yote ipatikane.

Timu yetu huanza kichwa kwa namba ya tatizo, kama `#482`. Mbona mstari hutoweka?

Kwa sababu unapoandika katika kihariri, Git huchukulia kila mstari unaoanza na `#` kuwa maelezo ya pembeni na kuufuta. Ukitumia `-m` mstari hubaki, na ndiyo maana tatizo hujitokeza kwa baadhi ya watu tu na kuonekana kama miujiza. Badilisheni `core.commentChar`, au, lililo bora zaidi, ihamishieni namba mwisho wa ujumbe.

Jambo linalofanana na hili huwapata wanaotumia `git commit -v`. Faili linalofika kwenye skripti huwa na mabadiliko yote ya msimbo chini ya mstari wa kukatia wenye alama `>8`, na kanuni ya urefu wa mistari ya maelezo itayahesabu yasipokatwa kwanza.

Kwa nini kichwa chenye herufi 70 kimehesabiwa kuwa na zaidi ya 72?

Huenda skripti inahesabu baiti. Herufi zenye alama juu yake, alama za kunukuu zilizopinda na vikaragosi huchukua zaidi ya baiti moja katika UTF-8. `wc -c` huhesabu baiti na `wc -m` huhesabu herufi, ila hiyo ya pili hutegemea mpangilio wa lugha wa mashine; seva iliyowekewa `LC_ALL=C` itarudi kuhesabu baiti. Kiswahili cha kawaida hakiathiriki, mpaka mtu atakapobandika maandishi kutoka programu ya ofisi.

Skripti ipo mahali pake lakini haiitwi kabisa. Nichunguze nini?

Chunguza kwanza ruhusa ya kuendeshwa: kwenye Linux na macOS, faili lisilo na ruhusa hiyo hupuuzwa, na `chmod +x` humaliza tatizo. Kisha angalia kama jina lina kiambatisho cha `.sample`, kwa kuwa mifano inayokuja na Git haiendeshwi hadi kiondolewe. Hatimaye soma jibu la `git config core.hooksPath`; likionyesha folda nyingine, `.git/hooks` haisomwi tena.

Ikiwa inaitwa lakini inashindwa ukitumia programu yenye madirisha ilhali kwenye terminali inapita, mara nyingi programu hiyo haisomi mipangilio ya `PATH` ya terminali yako na haioni Node wala Python iliposakinishwa.

Komiti zinazotengenezwa na mashine, kama za kusasisha vifurushi, zikaguliwe?

Kichwa chake kikaguliwe, kwa sababu programu nyingi za namna hiyo huruhusu kiambishi kupangwa, na orodha ya mabadiliko itakihitaji. Maelezo yake yasikaguliwe urefu wa mistari: huwa yamejaa viungo virefu visivyoweza kukatwa.